Weka Mkasi Chini: Tundu la Parachuti Halifanyi Unachodhani

Wiki iliyopita nililetewa parachuti ya tatu mwaka huu iliyokatwa kileleni kwa mkasi. Mwenyewe ni mrushaji wa droni, na alikuwa na hakika kabisa. "Fundi, ilikuwa inayumba, na ikifunguka inang'oa kamba. Nikaipanulia tundu ili hewa ipate pa kutokea." Tundu la awali lilikuwa la ukubwa wa kiganja, yeye akalifanya sahani. Akarusha tena. Mwavuli, yaani kile kitambaa cha parachuti kinachofunguka juu, ukayumba vilevile, na safari hii kitambaa kikachanika kuanzia tunduni hadi karibu na pindo. Droni sitaieleza.

Nampongeza kwa kusema ukweli, maana wengine huniambia "ilichanika yenyewe". Lakini nimeisikia hadithi hii ya tundu mara nyingi mno, kwa hiyo leo naimaliza.

Dhana: tundu la kileleni ndilo linalozuia kuyumba na kupunguza mshtuko, kwa hiyo likiwa kubwa ni bora zaidi

Chukua kalamu kabla ya mkasi. Kwenye parachuti ya kawaida ya duara, kipenyo cha tundu ni kama sehemu moja ya kumi ya kipenyo cha mwavuli, na mara nyingi ni chini ya hapo. Eneo huenda kwa mraba wa kipenyo, kwa hiyo sehemu moja ya kumi ya kipenyo ni asilimia 1 tu ya eneo. Ukipanua tundu mara mbili umefika asilimia 4. Sasa linganisha na parachuti ya tepe, iliyoshonwa kwa tepe zilizoachana kidogo, ambayo kweli imetulia kwa sababu inapitisha hewa: uwazi wake ni asilimia 20 hadi 30 ya eneo lote. Ukitaka kupata hiyo 20 kwa tundu moja, kipenyo cha tundu kitakuwa asilimia 45 ya kipenyo cha mwavuli. Hapo huna parachuti tena, una pete ya kitambaa, na inaweza kugoma kabisa kufunguka. Hewa inatoka kwa wepesi ule ule inaoingia nao, kitambaa kinabaki kimesinyaa kama soksi, na mzigo unaendelea na safari yake kwenda ardhini.

Hata tukisahau hesabu, tundu liko mahali pasipo na ugonjwa. Kinachoyumbisha mwavuli kiko pindoni. Kitambaa kisichopitisha hewa kikishajaa, hewa inayozidi kuingia lazima imwagike, na njia iliyo wazi ni kwenye ukingo wa chini. Haimwagiki sawasawa pande zote. Inamwagika zaidi upande mmoja, mwavuli unaegemea na kuteleza, kisha mmwagiko unahamia upande wa pili. Juu ya mgongo wa mwavuli nako mikondo inajikunja na kuachana na kitambaa, mara huku, mara kule. Mwavuli wa duara ulioshonwa kwa kitambaa kisichopitisha hewa haupendi kukaa wima. Wima kwake ni kama gololi juu ya kichuguu: hata ukiiweka katikati, haikai. Unatafuta pembe yake ya kuegemea, unaipita, unarudi, na mzigo chini unabembea kama timazi iliyosukumwa. Parachuti bapa ya duara huyumba kati ya digrii 10 na 40 kutoka wima, kutegemea kitambaa na uzito wa mzigo. Katikati ya vurugu zote hizo, hewa ya kileleni kwa ndani imetulia tuli. Ndipo unapokata.

Basi tundu lina kazi gani? Ipo, ila ni ya sekunde ile ya kwanza. Mwavuli hujaa kuanzia juu kushuka chini. Bonge la kwanza la hewa hupita kwenye bomba la kitambaa na kugonga kileleni, na bila tundu kitambaa cha hapo hupigwa vibaya. Tundu linalipunguzia pigo hilo nguvu. Likishafanya hivyo, limemaliza kazi yake.

Lawama kidogo naiacha kwa historia. Tarehe 22 Oktoba 1797, André-Jacques Garnerin alishuka kutoka kwenye puto juu ya Paris kwa parachuti isiyo na tundu, na kikapu chake kilibembea vibaya sana. Miamvuli ya baadaye ikatobolewa kileleni, na tangu hapo picha iliyobaki vichwani mwa watu ni hiyo: kuyumba, kisha tundu, kisha utulivu. Lakini miamvuli ya duara yenye tundu iliendelea kuyumba kwa zaidi ya karne moja baada yake. Dawa ilipatikana Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1930, pale Georg Madelung na Theodor Knacke walipoacha kitambaa kizima wakashona mwavuli kwa tepe zilizoachana kidogo. Hewa ikapenya kote, kuanzia kileleni mpaka pindoni, na mikondo ya mgongoni ikakosa nafasi ya kujikunja makundi makubwa makubwa. Kuyumba kukashuka hadi digrii 3 au chini ya hapo.

Na hapa kuna zawadi ambayo watu wa mkasi hawaioni. Uwazi uliosambazwa hutibu kuyumba na mshtuko kwa pamoja. Mwavuli wa kitambaa kizima ukifunguka nyuma ya kitu kizito kisichopungua kasi haraka, nguvu ya juu kabisa hufika mara 1.7 hadi 1.8 ya ile inayobaki baada ya kutulia. Wa tepe hupita kiwango chake kidogo sana, kama asilimia 5 hivi. Ndiyo maana ndege na mizigo yenye kasi kubwa hubanwa breki kwa miamvuli ya tepe.

Bei yake ni nguvu ya kushika hewa. Kigawo cha ukinzani, yaani kipimo cha jinsi unavyoshika hewa, cha mwavuli bapa ni kama 0.75 hadi 0.80, cha tepe ni 0.45 hadi 0.50. Ili ushuke kwa kasi ileile unahitaji eneo la takriban mara 1.6, yaani kipenyo zaidi kwa robo hivi. Ni nguo zaidi, mishono zaidi na mfuko mkubwa zaidi. Kwa droni na roketi ndogo mimi hupendekeza parachuti ya msalaba: vipande viwili virefu vilivyoshonwa kwa kupishana. Ni rahisi kushona, inakaa wima, na inafunguka kwa upole. Ina tabia ya kuzunguka, nakubali, hasa ukishona mkono mmoja mrefu kuliko mwingine. Pima basi.

Kama bado unataka tundu moja kubwa, zipo parachuti za pete zilizofanikiwa, lakini kilele chake kimevutwa chini kwa kamba za katikati na umbo zima limepigiwa hesabu upya. Na kama unataka pengo moja tu, tazama miamvuli ya vyombo vilivyotua kwenye sayari ya Mars. Kuanzia Viking mwaka 1976 hadi Perseverance mwaka 2021, chenye mwavuli wa kipenyo cha mita 21.5, muundo umekuwa uleule: sahani ya kitambaa, pengo la duara, kisha mkanda wa kitambaa chini yake. Pengo linalotuliza liko karibu na pindo, palepale ninapokuambia ugonjwa ulipo.

Tena ukingo wa tundu si ukingo wa shuka. Una utepe imara ulioshonwa kuuzunguka, na kamba zinazopita juu ya tundu kutoka upande mmoja hadi wa pili. Hizo ndizo zinazobeba mvuto wa pande zote zinapokutana. Ukikata nje ya ule utepe umeondoa nguzo ya nyumba ukabaki unashangaa paa.

Dhana: juu hewa ni nyembamba, kwa hiyo kufungua mapema ni laini zaidi

Hii inaua, nami sina mzaha nayo. Kwenye mita 12,000 msongamano wa hewa ni kama robo ya ule wa usawa wa bahari. Kitu kinachoanguka huko kwa kasi yake ya kikomo, ile isiyoongezeka tena kwa sababu hewa inakizuia, kinaenda takriban mara mbili ya kasi ambayo kingeenda chini. Shinikizo la hewa linalokipiga ni lilelile, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Mwavuli ili ujae lazima usafiri umbali fulani, vipenyo vyake kadhaa, haidhuru uko juu au chini. Ukienda kasi mara mbili, unajaa kwa nusu ya muda. Kwa mtu au mzigo mwepesi, hiyo maana yake ni kupoteza kasi mara mbili ndani ya nusu ya muda, yaani mshtuko wa karibu mara nne.

Tarehe 24 Juni 1943, William Randolph Lovelace, daktari wa jeshi la anga la Marekani, aliruka kutoka futi 40,200 na mwavuli ukafunguka hukohuko juu. Mshtuko ulimzimisha fahamu na kumvua glavu za mkono mmoja, na mkono ule ukaumizwa na baridi kali. Joseph Kittinger, aliporuka kutoka futi 102,800 tarehe 16 Agosti 1960, alianguka kwa dakika 4 na sekunde 36 akiwa na parachuti ndogo tu ya kumtuliza asizunguke. Mwavuli mkubwa ulifunguka takriban kwenye futi 18,000. Kwa hiyo mrusha roketi anayeniambia "naifungua roketi ikifika juu kabisa ili iwe salama", akapime upya. Huko juu weka ndogo. Kubwa isubiri chini.

Dhana: kamba zikikatika, weka ngumu zaidi

Kamba ya nailoni hurefuka zaidi ya asilimia 20 kabla ya kukatika. Ya Kevlar, nyuzi ngumu sana, hurefuka asilimia 3 au 4 tu. Ukibadilisha ya kwanza kwa ya pili bila kugusa kingine, umeondoa kilainisho kilichokuwepo na kuhamishia pigo kwenye mshono au kwenye fremu ya droni. Kamba inayokatika inakupa taarifa. Kuiziba mdomo hakusaidii.

Mshtuko hupunguzwa kwa kuuchelewesha mwavuli usikue haraka. Ninaowaheshimu hubana pindo: kamba inapita ndani ya pete zilizoshonwa ukingoni, mwavuli unafunguka nusu kama pea, kisha kikata kamba kinaiachia baada ya sekunde kadhaa. Miamvuli mitatu mikubwa ya Apollo, vyombo vya Marekani vya safari za mwezini, ilibanwa hivyo, na ilikuwa na akiba: Apollo 15, Agosti 1971, ilitua na miwili baada ya mmoja kusinyaa. Kwenye miamvuli ya mstatili ya warukaji, kazi hiyo hufanywa na slaida, kile kipande cha kitambaa kinachoshuka kwenye kamba taratibu huku hewa ikikishikilia juu.

Na utofautishe mapigo mawili. La kwanza ni mnyakuo wa kamba zinaponyooka, kabla mwavuli haujajaa. La pili ni mwavuli wenyewe kujaa. Ukirusha kitambaa kitangulie na kamba zifuate, mnyakuo unakuwa mkali. Kikunje ndani ya mfuko wake, kamba zitoke kwanza, kitambaa mwisho. Nusu ya malalamiko ninayoletewa huishia hapo, na mwavuli wenyewe haujaguswa.

Mengine, harakaharaka

"Kubwa zaidi ni salama zaidi." Kipenyo mara mbili ni eneo mara nne. Unashuka kwa nusu ya kasi, unapeperushwa na upepo kwa muda mara mbili, na mvuto wa kufunguka nao umeukaribisha nyumbani.

"Inayumba kwa sababu mzigo haukuning'inizwa sawa." Mzigo uliopinda unaning'inia umepinda, basi. Bembeo linalojirudia linatoka juu. Kurefusha kamba kutabadilisha mdundo wake tu.

"Video inaonyesha mrukaji akirushwa juu parachuti inapofunguka." Hakuna anayepanda. Mpiga picha bado anaanguka kwa kasi ya zamani, mwenzake amepunguza. Anayekwenda ni kamera.

Ukija na mwavuli wako unaoyumba, niletee uzito kamili wa mzigo, kasi unayofungulia, na video ya mshuko mzima iliyopigwa kutoka chini, si ile ya sekunde tano ya kufunguka. Nataka kuhesabu bembeo. Na kitambaa kiwe kizima.