Injini ikishafungwa upya usiidekeze: Honda CG125 ya mzee wa Kuze na kilomita zake 50 za kwanza

Wiki kadhaa nyuma mzee mmoja wa Kuze, hapa Mji wa Kale Mombasa, aliniletea Honda CG125 yake, zile za kwanza kwanza za pointi (kiswichi kinachokata umeme ili plagi itoe moto) na umeme wa volti 6. Aliachiwa na marehemu kakake na anaipenda mpaka usiku anaifunika shuka. Injini ilikuwa imefungwa upya miezi mitatu kabla na fundi mwengine, silinda imechongwa, pistoni mpya, ringi mpya, gasketi zote mpya, na kusema haki ile kazi ilikuwa safi, sikuona bolti iliyoliwa kichwa wala silikoni iliyopakwa kama uji. Lakini inatoa moshi wa buluu. Akipanda daraja la Nyali magari ya nyuma yanamkalia mbali, na oili inashuka kila wiki.

Nikamuuliza, mzee wangu, hii uliizoesha vipi, yaani siku za kwanza baada ya kufungwa uliiendesha vipi? Akanambia, mwanangu mimi nilifuata vile nilivyoambiwa, kila asubuhi naiwasha naiacha iungurume hapo mlangoni kama dakika 20 ipate moto vizuri, alafu naenda polepole, sijapita 40 kwa saa mpaka ikafika kilomita 600.

Hapo nilijua kabla sijashika spana. Nikafungua, na ndani ya silinda kunang'aa kama kioo, unaweza kunyolea ndevu. Huyu mzee wa watu hakufanya kosa lolote, alifuata maneno kwa uaminifu, na maneno yenyewe ndio yaliyoiua injini. Hili linaniuma manake naliona kila mara, mtu anatumia pesa zake nyingi kufunga injini ya zamani alafu anaidekeza mpaka inaharibika.

Sikiliza inavyokuwa. Silinda ikichongwa vizuri inamaliziwa kwa jiwe la kusugulia, na jiwe linaacha mikwaruzo midogo midogo iliyopishana kama wavu. Ukiitizama kwa karibu ni matuta na mabonde. Kazi ya ringi mpya ni kula vilele vya yale matuta mpaka ringi na ukuta vifanane kabisa, na mabonde yanabaki kushika oili. Sasa watu wanadhani ringi inashika ukuta kwa ule mkunjo wake tu. Hapana, mkunjo ni kidogo sana. Kinachoibana ringi kwelikweli ni moto wenyewe, petroli ikilipuka ile presha inapita juu ya ringi inaingia nyuma yake inaisukuma nje kwenye ukuta. Injini ikiwa inaunguruma tu mlangoni hakuna presha ya maana, ringi inaelea juu ya oili, moto unapenya pembeni unaichoma ile oili ukutani, inakuwa kama vanishi, mabonde yanajaa, na yakishajaa basi hata ukiendesha mpaka Lamu ringi haitashika tena. Kilomita 50 za kwanza ndio zinaamua karibu kila kitu, hizo zingine zinamalizia.

Na CG ndio injini ya kujifunzia hili manake ni ngumu kuiua kwa njia ingine. Ilitoka mwaka 1976. Kabla yake Honda walikuwa na 125 zenye kemu (ule mti unaofungua valvu) juu na cheni yake, wahandisi wao wakatembea nchi ambazo pikipiki ni ya kazi wakaona watu oili hawabadilishi, ndio wakarudi kwenye mtindo wa zamani, kemu chini, vijiti vinasukuma valvu, na kemu yenyewe ina nundu moja tu inayofanya kazi ya valvu zote mbili. Boda nyingi za kichina unazoziona Mwembe Tayari zimezaliwa na injini hii. Kwahivyo hata kama huna pikipiki ya zamani, haya yanakuhusu.

Ya mzee ilikuwa imechongwa 0.50, yaani kutoka 56.5 imekuwa milimita 57. Vipimo bado vilikuwa vizuri kwahivyo sikuchonga tena, nilirudisha mikwaruzo kwa jiwe, nikaosha kwa maji ya moto na sabuni (sio petroli, petroli inaacha unga wa jiwe ndani ya mabonde, sabuni ndio inautoa), nikafuta kwa kitambaa cheupe mpaka kikatoka cheupe, alafu oili hapo hapo. Hii hewa yetu ya chumvi ukiacha chuma kikavu uende ukale chakula cha mchana ukirudi unakuta kimeanza wekundu. Ringi mpya kabla ya kuvaa kwenye pistoni niliziweka ndani ya silinda moja moja nikapima mwanya kati ya ncha zake, mimi kwa saizi hii napenda milimita 0.2 hadi 0.3. Ukiwa mdogo zaidi, ringi ikipata moto ncha zinagusana na silinda inaumia.

Oili niliweka ya kawaida ya madini, 20W-50, ya pikipiki iliyoandikwa JASO MA manake klachi inaogelea humo humo. Usiweke ile ya bei kali ya sinthetiki wakati wa kuzoesha, inateleza mno, na sisi hapa tunataka ringi isugue ukuta. Plagi nje, nikapiga kiki mara nyingi polepole mpaka nikaona oili imefika kwenye roka, ile mikono ya juu inayokandamiza valvu. Ndio nikarudisha plagi nikawasha. Dakika mbili tu, resi juu kidogo, nikaangalia kama kuna inapovuja, nikazima ikapoa kabisa.

Asubuhi yake baada ya alfajiri nikavuka Likoni. Saa hio nimeichagua kwa makusudi, foleni ya feri saa mbili na jua lile ni adui wa injini mpya, na ukiwa kwenye foleni injini izime, isukume kwa mkono. Njia ya Mazeras ina mlima mzuri lakini malori ya makontena yatakulazimisha kutambaa, mimi napenda ya Kwale. Kutoka Likoni mpaka Kombani nilikuwa naipasha, gia ya pili na ya tatu. Kisha kazi inaanza. Gia ya tatu, navuta mafuta nusu mpaka kama robo tatu, inapanda kutoka 30 hadi 55 hivi, alafu naachia mafuta yote bila kushika klachi, gia inaishika mpaka irudi 30. Tena. Tena. Kuvuta kunaibana ringi ukutani, kuachia kunafyonza oili kupanda juu kuosha vumbi la chuma na kupoza. Hivyo viwili ni pamoja, ukifanya kimoja hujafanya kitu. Na usiipeleke gia ya nne kwenye mlima ikiwa inagugumia, kugugumia kunaumiza beringi kuliko resi.

Ukisikia sauti imekuwa kavu kama bati na pikipiki inazidi kuwa nzito bila sababu, shika klachi hapo hapo, funga mafuta, simama pembeni. Pistoni inaanza kushika. Usipige kiki, subiri ipoe nusu saa. Ya mzee haikufanya hivyo alhamdulillah.

Ilifanya lingine. Juu kidogo ya Kombani ikakohoa ikazima. Kiki, kimya. Hapa ndo watu wengi wanaanza kugeuza skrubu za kabureta, na ukishageuza umepoteza ushahidi. Nilifungua kifuniko cha tangi kwanza, manake tundu la hewa likiziba petroli haishuki, na dalili ni hio hio. Sio hilo. Nikatoa plagi haraka kabla injini haijapoa, nikaigusisha kwenye bloku nikapiga kiki, moto mwekundu dhaifu, wa manjano karibu. Nikangoja dakika 15 chini ya mwembe, nikajaribu tena, moto wa buluu, ikawaka kiki ya kwanza. Ikiwa baridi sawa, ikiwa moto haina umeme: karibu kila mara ni kondensa (kile kidude kinachozuia pointi zisitoe cheche zikifunguka), au koili iliyo nyuma ya magneti. Nikarudi nayo hivyo hivyo kwa vituo viwili. Garejini nilikuta pointi zimeungua na zinatoa cheche nene zikifunguka, hio ni kondensa. Niliweka mpya lakini sikuirudisha mahali pake karibu na joto la injini, niliifunga juu kwenye fremu chini ya tangi na waya mfupi. Pointi nikazisafisha nikaziweka mwanya wa milimita 0.35.

Siku ya pili umeme safi, lakini ukiachia mafuta resi inachelewa kushuka, na ekzosi inapasuka pasuka. Hio ni hewa inaingia mahali. Kwa CG tizama kile kipande cheusi kati ya kabureta na hedi, kina oringi pande zake, na watu wanairudisha ile ya zamani iliyokuwa bapa. Nilipuliza dawa ya kusafisha kabureta kidogo hapo ikiwa inaunguruma, resi ikabadilika, basi. Oringi ni shilingi chache tu lakini ingeweza kutoboa pistoni, manake hewa nyingi na petroli kidogo ni moto mkali.

Kuhusu moshi ntasema kwa ufupi. Buluu ukiwa unavuta mzigo ni ringi. Buluu ya ghafla unapowasha asubuhi au unapovuta tena baada ya kuteremka ni sili za valvu. Mweusi ni petroli nyingi. Ukiwa na shaka, tia kijiko cha chai cha oili kwenye tundu la plagi upige kiki, kiki ikiwa nzito zaidi ya mwanzo ringi ndio zenye lawama, isipobadilika tizama valvu.

Oili ya kwanza nilimwaga kwenye kilomita 50. Ilikuwa inametameta kama rangi ya fedha, hio ni kawaida, ni vile vilele vya matuta. Ukiona vipande vya kushikika kwa kucha hapo simama. Bolti za hedi nikazikaza tena injini ikiwa baridi ya usiku mzima, kisha tapeti, yaani mwanya wa valvu, kwa mpangilio huo, manake hedi ikishuka kidogo juu ya gasketi ule mwanya wa valvu unapungua kwa injini ya vijiti. Valvu zote mbili niliziweka milimita 0.08. Valvu isiyo na mwanya haifungi vizuri, inaungua, na pikipiki inakataa kuwaka ikiwa moto, utafikiri ni kondensa tena.

Kwenye kilomita 300 nikabadilisha oili mara ya pili na nikafungua kifuniko cha upande wa klachi, kwa sababu CG haina filta ya karatasi, ina kile kikombe kinachozunguka na uchafu unajibandika ndani yake. Ya mzee ilikuwa na tope la kijivu unene wa sarafu, na chini yake tope jeusi gumu la miaka, kumbe kwenye ile kazi ya kwanza hakikufunguliwa. Nilikwangua kwa kijiti cha mbao nikaosha.

Mzee akaja kuichukua, nikamwambia asiiwashe mlangoni tena, avae kofia kwanza ndio apige kiki aondoke. Jumapili akaenda nayo Malindi na kurudi, jioni akanipigia simu nimwambie vile kile kijiti cha oili kinavyosomwa, nikamwelekeza, akanyamaza kidogo, akasema iko pale pale kwenye alama ya juu.