Jina la ubavuni si sahihi ya fundi

Wengi wakishika bastola ya M1911A1 ya zamani ya kulengea shabaha, husoma “Remington Rand” ubavuni na kusema: huyu ndiye aliyeiboresha ilenge vizuri. Sivyo! Kampuni hiyo ya taipureta ilitengeneza bastola za kawaida za jeshi la Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili. Miaka ya 1950 na 1960, mafundi wa karakana ya serikali ya Springfield walichukua bastola kama hizo, wakafunga mtutu usiochezacheza hata chembe, wakagonga “NM” (National Match, yaani ya mashindano ya kitaifa). Nayo “NM” haitoshi, kwani kipuri chenye alama hiyo kinaweza kufungwa na fundi yeyote. Fungua vibao vya mpini, utafute herufi za kwanza za jina la fundi, zilizogongwa kwa mkono. Binafsi naamini zaidi karatasi ya kazi iliyotunzwa pamoja na bastola.