Kuhama mchezo: mkimbiaji anapogeuka mpiga makasia

Kuhama mchezo ni kumchukua mwanamichezo aliyekwisha kujengeka katika mchezo mmoja na kumfundisha mwingine, kwa kuwa mwili alionao unafaa zaidi huko anakokwenda. Upigaji makasia huwapokea wahamiaji vizuri kuliko michezo mingi. Hauhitaji mtu awe ameanza utotoni. Mwendo wake ni mmoja, hurudiwa zaidi ya mara 200 katika mbio za mita 2,000, na humfaa mwenye pumzi, miguu yenye nguvu na viungo virefu.

Uingereza mwaka 2007 ilisaka vijana wa miaka 16 hadi 25, wanaume wa sentimita 190 kwenda juu na wanawake wa 180, bila kujali kama waliwahi kushika kasia. Helen Glover, aliyekuwa akikimbia na kucheza mpira wa magongo, alianza makasia mwaka 2008 kupitia mpango huo. Mwaka 2012 alitwaa dhahabu ya Olimpiki ya London pamoja na Heather Stanning. Wapo waliohama upande wa pili pia: Rebecca Romero alipata fedha ya makasia Athens 2004, kisha dhahabu ya baiskeli Beijing 2008. Kinachohama ni moyo, mapafu na misuli. Ufundi hujifunzwa upya.

Hapo ndipo kijana aliyekulia Katonga au Kibirizi, mjini Kigoma kando ya Ziwa Tanganyika, akipiga kafi anaweza kujidanganya. Faida anazo, tena kubwa: hayumbi chomboni, hababaishwi na maji, anausoma upepo. Lakini kafi huliegemezi popote, unatazama mbele, na nguvu hutoka mabegani na kiunoni. Kasia la mashindano hushikizwa pembeni mwa mtumbwi, mpigaji hukaa akiupa mgongo mwelekeo wa safari, kiti chake huteleza juu ya reli, na nguvu kubwa hutoka miguuni. Mchezaji wa kikapu wa Tabora ambaye hajawahi kupanda mtumbwi anaweza kumpita kwenye mashine ya makasia, ile ya mazoezi ya nchi kavu, ndani ya miezi michache. Yeye deni lake ni kuogelea, na alilipe kabla hajakanyaga chombo chochote.

Mvuto mmoja una mpangilio usiobadilika. Unaanza magoti yamekunjwa na mikono imenyooka. Sukuma kwa miguu. Miguu ikikaribia kunyooka, fungua kiuno kuelekea nyuma. Mwisho kabisa vuta mikono hadi chini ya kifua. Kurudi ni kinyume: mikono, kiuno, magoti, tena taratibu kuliko ulivyovuta. Kosa la kwanza la karibu kila mhamiaji ni kuvuta kwa mikono mapema, na misuli midogo huchoka kabla ile mikubwa haijafanya kazi. La pili ni makalio kukimbilia nyuma huku mabega yakibaki mbele. Nguvu ya miguu haifiki kwenye kasia, na mgongo wa chini ndio unaoumia. Kosa hili kocha alikemee siku ileile, kwa sababu likizoeleka ni gumu sana kuliondoa.

Kwenye mashine zinazotumia upepo, usipandishe kishikizo cha hewa, kinachofanya mvuto uwe mzito zaidi, hadi 10 ukidhani ndiyo mazoezi ya kiume. Huko unajifunza kuvuta polepole na kuuchosha mgongo. 3 hadi 5 inatosha wengi. Wiki za mwanzo piga mivuto 18 hadi 20 kwa dakika, dakika 20 hadi 30, kwa nguvu inayokuruhusu bado kuongea.

Namba ya kuitazama ni muda wa mita 500. Ukishikilia dakika 2:00, mita 2,000 zitakwisha kwa dakika 8, na unazalisha takriban wati 203. Ukitaka kumaliza kwa dakika 7, yaani 1:45 kwa kila mita 500, unahitaji wati 302 hivi. Kasi imeongezeka kwa asilimia 14, nguvu kwa karibu nusu. Ndiyo maana mkimbiaji anayeanza kwa pupa huporomoka baada ya mita 1,000: kila sekunde aliyoipunguza mwanzoni ameilipia ghali.

Majini, mtumbwi wa mashindano wa mtu mmoja una urefu wa takriban mita 8, uzito usiopungua kilo 14, na ni mwembamba mno kwa mawimbi ya Tanganyika ya wakati wa kusi, Mei hadi Agosti. Kwa ziwa hili tungeshauri aina ya pwani: mita 6, uzito usiopungua kilo 35, pana na tulivu zaidi. Aina hiyo inaingia Olimpiki Los Angeles 2028 katika mbio fupi za ufukweni, ambapo mtu hukimbia mchangani, hupanda, hupiga mita 250 akizunguka maboya, hurudi na kukimbia tena. Mkimbiaji mwenye miguu mepesi ana nafasi ya kweli hapo. Afanye mazoezi ndani ya ghuba, asubuhi kabla upepo haujaamka, akiwa na jaketi la kujiokoa na chombo cha pili karibu. Kwa kuwa anakwenda bila kuona mbele, ageuze shingo kila baada ya mivuto mitano hivi. Saa hizo mitumbwi ya dagaa inarudi nchi kavu.