Maneno ya Wainuit yalikuwa ushahidi: kazi ya Daktari John Rae

Kutokana na maswali yanayotufikia kuhusu Erebus na Terror, meli za msafara wa Mwingereza Sir John Franklin zilizopotea katika Aktiki ya Kanada, tumeona ni vyema kufafanua nafasi ya Daktari John Rae, kwa kuwa wengi bado wanashikilia kwamba taarifa ya Wainuit, wenyeji wa asili wa Aktiki, kuhusu vifo vya mabaharia wa meli hizo, aliyoifikisha London mwaka 1854, ilikuwa uvumi mtupu. Sivyo, na jambo hili halipaswi kuendelea kurudiwa.

Rae, mzaliwa wa visiwa vya Orkney, Uskoti, alisomea udaktari Edinburgh, kisha akawa daktari wa kampuni ya biashara ya manyoya ya Hudson's Bay huko Moose Factory, Kanada, kwa takriban miaka kumi. Wainuit walimfundisha kujenga nyumba za theluji na kusafiri wakati wa baridi kwa mizigo michache.

Mwezi Aprili 1854, karibu na Pelly Bay, alikutana na Mwinuit, In-nook-poo-zhee-jook, aliyevaa kichwani utepe wa dhahabu wa kofia ya afisa. Rae aliununua, akamhoji kupitia mkalimani wake, William Ouligbuck. Baadaye, huko Repulse Bay, aliwahoji wengine, akalinganisha majibu yao na kununua vijiko na uma za fedha zenye nembo za maafisa, pamoja na kibati kilichochongwa jina la Sir John Franklin. Ni kweli kwamba waliohojiwa hawakuishuhudia miili ya mabaharia wenyewe. Ndiyo maana vifaa hivyo vilikuwa na uzito.

Taarifa kwamba mabaharia walikufa njaa na baadhi yao kula maiti za wenzao iliwakasirisha Waingereza, na mwandishi wa riwaya Charles Dickens akawatuhumu Wainuit hadharani. Rae aliwatetea kwa maandishi. Uchunguzi wa mifupa ya mabaharia hao uliochapishwa mwaka 1997 ulikuta alama za visu, na Erebus ilipatikana mwaka 2014 katika eneo ambalo masimulizi ya Wainuit yalikuwa yakilitaja tangu zamani.

Anayekusudia leo kufanya utafiti wa afya au jamii huko Nunavut, eneo la Wainuit kaskazini mwa Kanada, azingatie kwamba ni lazima kwanza apate leseni ya Taasisi ya Utafiti ya Nunavut. Maombi huambatanishwa na muhtasari katika Kiinuktitut, lugha ya Wainuit, na jamii husika hupewa nafasi ya kutoa maoni kabla ya uamuzi. Uchimbaji wa mambo ya kale huhitaji kibali kingine, na leseni ya kwanza haiwezi kuchukua nafasi yake. Kufanya utafiti bila leseni ni kosa kisheria, hata kwa mwenye nia njema.