Pinda ni nini, na kwa nini Wahindu huwalisha marehemu wao mtoni

Picha za Wahindu wakioga mtoni zimetapakaa kila mahali, hasa tangu Maha Kumbh, mkusanyiko mkubwa wa kuoga mtoni uliofanyika Prayagraj, India, mwanzoni mwa 2025. Wengi huishia hapo: wameyaona maji, wamesikia ni ya kuondoa dhambi, basi. Kumbe sehemu kubwa ya ibada za kingo za mito hiyo haimhusu anayeoga. Inawahusu marehemu wake, na kiini chake ni pinda.

Pinda ni tonge. Wali, au unga wa shayiri, huchanganywa na ufuta mweusi, samli na asali, kisha hufinyangwa kwa mkono hadi ukatoshea kiganjani. Tonge hilo huwekwa juu ya majani ya kusha huku mtoaji akitaja jina la marehemu na ukoo wake. Kwa kawaida huwa matatu: la baba, la babu na la baba wa babu. Pamoja nalo kuna tarpana, yaani kuwamiminia marehemu maji yenye ufuta. Hapo utaona mambo mengi yamegeuzwa. Mtoaji huelekea kusini, upande wa Yama, mungu wa mauti. Uzi mtakatifu anaouvaa mwilini, ambao siku zote hukaa bega la kushoto, huhamishiwa la kulia. Maji ya miungu humwagwa kupitia ncha za vidole. Ya marehemu hupita kati ya kidole gumba na cha shahada.

Msingi wake ni deni. Maandiko ya kale ya Kihindu yanasema mtu huzaliwa akiwa na madeni matatu: kwa miungu, kwa wenye hekima waliopokea Veda, yaani maandiko matakatifu, na kwa wazazi waliomtangulia. La tatu hulipwa kwa kupata mtoto atakayeendeleza kuwalisha. Ndiyo maana kazi hii kwa desturi ni ya mtoto wa kiume, hasa mkubwa, ingawa siku hizi mabinti nao huifanya.

Aliyefariki karibuni bado hajawa mhenga. Huitwa preta, roho isiyo na mwili wala makao, na pinda za siku kumi za kwanza ndizo zinazomjengea mwili, kiungo baada ya kiungo. Halafu, mara nyingi siku ya 12, inafika ibada ambayo kwangu ndiyo nzito kuliko zote. Tonge la marehemu hukatwa vipande vitatu, na kila kipande huchanganywa na tonge la mmoja wa wazee watatu waliomtangulia. Kuanzia hapo ameingia kwenye safu yao, na yule wa mbali kabisa hutoka. Safu haizidi watatu.

Pinda yaweza kutolewa hata nyumbani, lakini mahali panaposifiwa kuliko pote ni Gaya, jimbo la Bihar, kando ya mto Phalgu. Watu hufurika huko wakati wa Pitru Paksha, nusu ya mwezi iliyotengwa kwa ajili ya wahenga, ambayo kwa kawaida huangukia Septemba hadi mwanzoni mwa Oktoba. Hekalu la Vishnupad, lililojengwa upya mwishoni mwa karne ya 18 na Malkia Ahilyabai Holkar, limezunguka mwamba unaoaminiwa kuwa na alama ya unyayo wa mungu Vishnu.

Na mto wenyewe? Sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu, maji yako chini. Mpaka lilipozinduliwa bwawa la ukuta wa mpira mwaka 2022, watu walichimba mashimo kwa mikono ili wapate ya kumimina. Wenyeji wana hadithi yake. Rama, shujaa wa utenzi wa Ramayana, alikwenda kutafuta vifaa vya ibada, akamwacha mkewe Sita pale mtoni. Marehemu baba mkwe, Dasharatha, akamtokea akiomba chakula, naye kwa kukosa kitu akampa matonge ya mchanga. Rama aliporudi hakuamini. Mto ukaulizwa, ukakana; mti wa mbanyani peke yake ukasema kweli. Sita akaulaani mto utiririke chini ya mchanga, na mti akaubariki usikauke daima.

Kuoga, basi, ni kujiandaa. Mtu hujitosa, mara nyingi mara tatu, hutamka nia yake, ndipo hutoa pinda. Sadaka huambatana na hayo: nafaka, nguo, blanketi wakati wa baridi, ng'ombe au thamani yake, na chakula kwa Mabrahmani, watu wa tabaka la makuhani, kunguru nao hutengewa sehemu yao. Mtawa wa Kichina Xuanzang, katika karne ya 7, alimshuhudia Mfalme Harsha wa India ya kaskazini akigawa hazina yake pale Prayag, ndiyo Prayagraj ya leo. Na tusifichane, manung'uniko kuhusu ada za makuhani ni ya zamani kama safari zenyewe.

Wahindu wengi wa Afrika Mashariki wana asili ya Gujarat, jimbo la magharibi mwa India, na huko uko mji wa Siddhpur unaojulikana kwa pinda za akina mama hasa. Pinda isichanganywe na kutawanya majivu, kama yalivyotawanywa baadhi ya majivu ya Mahatma Gandhi huko Jinja, Uganda, mwaka 1948. Majivu humwagwa yakaisha. Matonge hurudiwa kila mwaka.