Kifaa cha kubana mafuta: yanayosemwa na yaliyo kweli

Msimu wa korosho ukifunguka, madereva wa fuso na bodaboda wa Mtwara hushika hela, na wauza vifaa vya "kubana mafuta" wanalijua hilo. Ahadi yao ni ileile: funga hiki kwenye mpira wa mafuta, injini ichome vizuri, uokoe robo tanki. Inauma kuona hela iliyotafutwa kwa jasho inaishia hapo.

Dhana: Injini inatupa mafuta mengi bila kuyachoma.

Ukweli: Biashara yote imesimama juu ya dai hili. Injini ya petroli isiyo na hitilafu huchoma takribani asilimia 97 au zaidi ya mafuta yanayoingia, na ya dizeli huzidi hapo. Ni kweli sehemu ndogo tu ya nguvu ya mafuta hufika kwenye magurudumu. Lakini hayo mengine yameungua! Yamekuwa joto: theluthi hivi hutoka na moshi wa ekzosi, sehemu nyingine kubwa huchukuliwa na maji ya rejeta. Hata kifaa kingechoma kila tone lililosalia, ungepata asilimia mbili tatu, si 25.

Dhana: Sumaku hutawanya chembe za mafuta ziungue haraka.

Ukweli: Petroli na dizeli hazivutwi na sumaku kiasi cha kubadilika. Kinachoyapasua mafuta kuwa ukungu ni presha na tundu la nozo, kile kichwa kinachopulizia mafuta ndani ya injini. Kwenye dizeli za kisasa presha hiyo hupita baa 1,000 (baa ni kipimo cha presha; moja ni karibu sawa na presha ya hewa inayotuzunguka).

Dhana: Kuna mtungi unaotengeneza gesi ya haidrojeni kutoka kwenye maji, kwa hiyo ni nishati ya bure.

Ukweli: Umeme wa kuyapasua maji unatoka kwenye alternata, yaani kifua umeme cha gari, alternata inazungushwa na injini, injini inakula mafuta. Kila hatua inapoteza kidogo, na gesi ile ikiungua hairudishi zaidi ya kilichotumika kuitengeneza.

Vidonge vya kutia tangini sitavichambua sana. Dawa nyingine husafisha nozo chafu kweli, lakini nozo safi haiongezewi kitu.

Dhana: Mwenzangu amefunga, ameona tofauti.

Ukweli: Huenda ameiona. Aliyenunua kifaa huendesha kwa utulivu, akitaka kilete matokeo. Tena, kupandisha mzigo Newala si sawa na kuteremka mtupu kuja Mtwara mjini. Kipimo cha haki ni kwenda na kurudi njia ileile, mzigo uleule, ukijaza tangi pampu ileile hadi ikatike, mara kadhaa ukiwa na kifaa na mara kadhaa bila. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, limepima vifaa zaidi ya 100 vya aina hizi. Vichache tu vilionyesha nafuu, nayo ndogo.

Gari linalotoa moshi mweusi linapoteza mafuta kweli, sibishi. Dawa yake iko kwa fundi: chujio la hewa, nozo, plagi, kabureta ya bodaboda iliyofunguliwa kupita kiasi. Upepo wa tairi nao usiusahau. Na kama umeshafunga kifaa kwa kukata mpira wa mafuta, mwambie fundi aangalie viungo leo, kwa sababu petroli ikivuja juu ya ekzosi ya moto, gari linaweza kuwaka.