Punje 87 ndani ya mfuko wa mchele

Mwezi uliopita, kwenye walima mmoja hapa Leicester, nilikuwa na sahani ya biriani mkononi nikitafuta pa kukaa, mama mmoja akanishika kiwiko. Namfahamu. Ni mtu wa Mombasa, na watoto wake wote nimewachoma sindano za shule kwa mkono wangu. Hata salamu hakunipa.

"Dada, si wewe ulonambia nimdunge mtoto ile ya korona? Mbona nasikia sasa wameacha kuwadunga watoto? Kama ilikuwa nzuri, wameiachia nini?"

Mimi ni nesi wa chanjo za shule, mzaliwa wa Tanga, na kazi hii nimeifanya hapa Uingereza miaka mingi. Pale ukumbini nilimjibu juu juu, muziki ulikuwa unapiga kelele. Lakini swali lake ni zuri kuliko maswali mengi niliyoulizwa mwaka 2021, na si yeye peke yake anayelo moyoni. Kwa hiyo nalijibu hapa, taratibu.

Turudi nyuma. Mamlaka ya dawa ya Uingereza iliikubali chanjo ya Pfizer kwa watoto wa miaka 12 hadi 15 tarehe 4 Juni 2021. Marekani walikuwa wameshaanza kuwachanja tangu Mei. Jaribio lililofungua mlango huo lilikuwa na vijana 2,260, nusu wakapewa chanjo, nusu maji ya chumvi. Waliopewa maji ya chumvi, 18 waliugua korona. Waliochanjwa, hata mmoja. Matokeo ya kupendeza. Ila vijana 2,260 hawatoshi kukuonyesha jambo linalompata mtoto mmoja kati ya makumi elfu. Jambo kama hilo linaonekana pale tu mamilioni wameshachanjwa, na ndivyo ilivyokuwa. Kiangazi kile zikaanza kuja taarifa za wavulana waliopata maumivu ya kifua siku chache baada ya sindano, hasa ya pili. Misuli ya moyo ilikuwa imevimba. Madaktari huuita ugonjwa huo mayokaditisi. Wengi walikaa hospitali siku chache wakarudi nyumbani, lakini moyo ni moyo, na hakuna aliyeweza kusema wakati ule baada ya miaka kumi utakuwaje.

Basi tarehe 3 Septemba kamati ya wataalamu wa chanjo, JCVI, ikatoa tamko ambalo wazazi wengi hawakulisoma. Ilisema kwa mtoto mzima wa afya faida ni kubwa kidogo kuliko madhara, lakini hiyo "kidogo" haitoshi kwa kamati kupendekeza watoto wote wachanjwe. Ikawaachia waganga wakuu wa serikali waangalie mambo mengine nje ya ugonjwa wenyewe, yaani masomo. Siku kumi baadaye waganga wakuu wanne, Chris Whitty wa England na wenzake wa Scotland, Wales na Ireland Kaskazini, wakasema: wapewe dozi moja. Walikadiria kwamba ingeokoa kama siku 110,000 za masomo hadi Machi. Ukizigawa kwa watoto milioni tatu hivi wa umri huo, kila mmoja anapata robo saa. Bila shaka maisha hayagawi hivyo. Mmoja anakosa wiki nzima, mwingine hakosi kitu. Lakini uone jinsi mizani ilivyokuwa karibu kusawazika.

Sasa mchele.

Wiki ile fomu za idhini zilipotoka, wazazi walinipigia simu usiku na mchana, na namba za JCVI zote zilikuwa "kwa kila milioni". Milioni haimwambii mtu kitu. Nikachukua mizani yangu ya keki, nikahesabu punje 500 za basmati, nikazipima: gramu 10. Maana yake mfuko wa kilo 20, ule tunaoununua wote dukani kwa Wahindi, una punje kama milioni moja. Kila punje mtoto mmoja. Ukiwachanja wote dozi ya kwanza, kwa hesabu ya kamati, unazuia watoto 87 wasilazwe hospitali na 2 wasifike chumba cha mahututi. Na unasababisha mayokaditisi kwa watoto 3 hadi 17. Nilizihesabu zile punje 87 nikaziweka kwenye kijiko cha chai. Hazikufika nusu ya kijiko. Pembeni nikaweka zile 17. Mfuko mzima ulikuwa umesimama sakafuni karibu na friji.

Nilipiga picha nikawatumia kina mama kwenye WhatsApp. Mmoja akaniandikia, "Sasa hofu yote hii ni ya kijiko?" Ndiyo. Pande zote mbili. Aliyekuwa akiogopa chanjo alikuwa akiogopa punje chache, na aliyekuwa akiogopa korona kwa mtoto wake mzima naye alikuwa akiogopa punje chache. Kilichobaki ni kila mzazi aseme ni punje zipi zinamnyima usingizi zaidi, na hilo siwezi kumwamulia mtu.

Kwa wavulana na dozi ya pili kijiko kilizidi kuwa kigumu. Kamati ilikadiria mayokaditisi 12 hadi 34 kwa milioni baada ya dozi ya pili, wakati nyongeza ya faida yake kwa mtoto mzima ni ndogo. Ndiyo maana Norway ilianza na dozi moja kwa umri huo, na hapa ya pili ilipokuja kuruhusiwa mwishoni mwa Novemba iliwekwa baada ya wiki 12, maana kuachanisha dozi kunapunguza hatari hiyo. Marekani walikuwa wakizitoa kwa kuachanisha wiki tatu tu. Wao kwa wavulana milioni wa miaka 12 hadi 17 walihesabu kulazwa 215 kunakozuiwa dhidi ya mayokaditisi 56 hadi 69, wakaona jibu liko wazi. Ugonjwa ni uleule na sindano ni ileile, ila kila nchi ilikuwa na mfuko wake. Mama anayesikiliza redio ya huku na kuangalia video za binamu yake wa Minnesota ana haki ya kuchanganyikiwa.

Kuna nyumba moja ambayo sikuhitaji mchele. Ni familia kutoka Kigoma, binti yao ana selimundu (sikoseli), miaka 13. Baba alinifungulia mlango akiwa ameshaamua: "Sisi tumekataa, huyu ameshachomwa sindano za kutosha maishani." Nilimwelewa. Lakini mtoto wa selimundu akipata ugonjwa wa mapafu si mtoto wa wastani tena. Kifua kinaweza kubana kikampeleka mahututi kwa siku moja. Tamko lilelile la JCVI la 3 Septemba, lililosita kwa watoto wazima, halikusita hata kidogo kwake: selimundu, kisukari cha utotoni, magonjwa makubwa ya moyo, dozi mbili, bila kusubiri. Tuliongea saa nzima na ushee, chai ikapoa, ikapashwa, ikapoa tena. Baba aliuliza kama sindano inaweza kumletea maumivu ya mifupa. Nikamwambia homa ya siku moja mbili inaweza kuja, kwa hiyo anywe maji mengi na parasetamo iwe tayari, na akianza kuumwa asingoje asubuhi. Alichanjwa. Siku ya pili alikuwa na homa, na ya tatu akarudi shule.

Hapo ndipo penye kosa langu. Mwaka ule nilikuwa na sentensi moja kwa kila mtu: "Ni salama, msiwe na wasiwasi." Kwa yule binti nilipaswa kusema kwa nguvu zaidi, na kwa kijana mzima anayecheza mpira kila Jumamosi nilipaswa kusema kwa upole zaidi. Nilisema sawasawa kwa wote kwa sababu niliogopa nikifungua mlango wa "labda", porojo zote zitaingia. Ziliingia hata hivyo. Mtu akigundua umemficha punje 17, hakuamini tena kuhusu zile 87.

Porojo kubwa ilikuwa ya uzazi. Eti mabinti hawatazaa. Wa Kenya walinikumbusha mwaka 2014, maaskofu wa Kikatoliki walipodai chanjo ya pepopunda ya wanawake imetiwa kitu cha kuzuia mimba, na serikali na Shirika la Afya Duniani wakakanusha. Ukimcheka mtu mwenye kumbukumbu kama hiyo umempoteza. Nilichoweza kuonyesha ni utafiti wa Marekani uliotoka Januari 2022, wa wanawake karibu 4,000 waliokuwa wakirekodi hedhi zao kwenye simu: baada ya dozi mzunguko ulirefuka kwa chini ya siku moja, kisha ukarudi. Walikuwa watu wazima, si mabinti wa miaka 13, na hilo pia niliwaambia. Ajabu, kukiri hivyo ndiko kulikowatuliza.

Jambo lililowakera wazazi wetu kuliko sindano yenyewe lilikuwa la idhini. Sheria ya huku, tangu kesi ya Gillick iliyoamuliwa mwaka 1985, inasema mtoto wa chini ya miaka 16 anaweza kukubali matibabu mwenyewe ikiwa ana akili ya kuelewa anachokikubali. "Mtoto wa miaka 13 aamue nini?" baba mmoja wa Unguja alinifokea kwenye simu, "hata soksi zake hajui ziko wapi!" Kwa kweli ni mara chache mno nililazimika kufika huko. Mtoto na mzazi wakipingana, tunawapigia simu wazazi, tunakaa, tunaongea. Yule kijana wa Unguja alitaka chanjo ili aruhusiwe kusafiri na timu. Nilimwambia baba hivyo tu. Kimya kidogo, kisha: "Kwa nini hakuniambia mwenyewe?"

Kitu kimoja kilinikwaza kipindi chote kile na bado kinanikwaza. Mei 2021 Tedros, mkuu wa Shirika la Afya Duniani, aliziomba nchi tajiri zisitishe kidogo kuwachanja watoto na zitoe dozi hizo kwa COVAX, mpango wa kuzifikishia chanjo nchi maskini. Tanzania ilizindua chanjo tarehe 28 Julai, Rais Samia akichomwa mbele ya kamera, na mzigo wa kwanza ulikuwa dozi milioni moja na kidogo kwa nchi nzima. Shangazi yangu wa Tanga ana kisukari na umri umekwenda. Mimi huku natembea na kikasha cha barafu nikiwabembeleza watoto wa miaka 12 kwa faida ya nusu kijiko. Sijawahi kupata jibu la kumpa shangazi.

Sasa mama wa Mombasa: wameiachia nini?

Wameiacha kwa sababu mfuko umebadilika. Omikroni ilikuja mwishoni mwa Novemba 2021, na ndani ya miezi michache watoto wengi mno walikuwa wameshaambukizwa, wachanjwe wasichanjwe. Kinga ya sindano dhidi ya kuambukizwa na kirusi hiki kipya hufifia haraka, na mwili wa mtoto uliokwisha kukutana nacho hauanzi tena kutoka sifuri. Zile punje 87 zikapungua. Machi 2023 Shirika la Afya Duniani likawaweka watoto wazima kwenye kundi la mwisho la kipaumbele. Mkuu wa afya wa Denmark wakati huo, Søren Brostrøm, alishasema mwaka uliotangulia kwamba kwa walivyojua baadaye, kuwachanja watoto hakukuleta faida kubwa katika kuuzuia mlipuko. Hapa Uingereza watoto wenye kinga dhaifu bado wanaitwa. Binti wa selimundu naye, kila msimu namwambia baba amuulize daktari wake. Kijana wako mzima, hapana, hahitaji.

Hayo yote nilimtumia yule mama siku ya pili yake kwa sauti za WhatsApp, tano, kila moja ndefu. Akanijibu kwa moja ya sekunde nane: "Kwa hiyo hukunidanganya, lakini hukunambia yote."

Nikamwandikia: "Ndivyo."

Zikapita dakika kumi. Akatuma picha ya ujumbe kutoka shule ya binti yake mdogo, wa miaka 12, yenye kiungo cha fomu ya chanjo ya HPV, ile ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi. Chini yake ameandika, "Na hii je? Na hii niambie yote." Nikampigia simu, nikaenda kuuleta mfuko wa mchele karibu na friji kabla hajapokea.